Nyota mbili kwa mfumo wa kuombea kazi za serikali, na zote mbili ni za kabla hujafika kwenye tarehe ya kuzaliwa

Nianze na mazuri maana yapo, sio kila rivyuu lazima iwe matusi. Huu mfumo nimeutumia karibu miaka saba, akaunti nilifungua nikiwa na 29 na paswedi yake naikumbuka kuliko namba ya simu ya mama, kwa hiyo msidhani ni mtu wa juzi kakutana na mtandao unasuasua akakimbilia kulalamika. Jina la mfumo siweki na ni wa nchi gani siweki, ukishajaza mmoja wa hivi umejaza yote, fomu zilezile, vyeti vilevile, na kile kiduara kinachozunguka kwenye skrini wakati unaomba dua ni kilekile.

Zuri la kwanza ni kwamba mfumo haujui wewe ni mtoto wa nani. Wale wa zamani mnakumbuka, barua ya maombi inapelekwa kwa mkono kwenye bahasha ya kaki, unamkuta karani wa masijala anasoma jina nyuma ya bahasha, anakuangalia usoni, halafu bahasha inaenda kwenye rundo ambalo hujui kama kuna binadamu atalifungua. Sasa hivi unatuma saa nane za usiku ukiwa umelala, unapewa namba ya ombi, kesho unaona limeandikwa "limepokelewa", basi angalau unajua lipo mahali. Kwa sisi tusio na mjomba ofisini hiyo sio huduma ndogo, na ni bure. Nyota moja. Ya pili nawapa kwa sababu vyeti unapakia mara moja vinakaa, huanzi upya kila tangazo, na mara zote mbili nilizoitwa usaili nilipata meseji siku kumi kabla na hakuna mtu aliyeniomba hela ya kitu chochote.

Sasa tuje kwenye yale mengine.

Lilitoka tangazo la mhasibu, daraja la kuanzia. Sifa zote ninazo na uzoefu ninao kuzidi wanaoutaka, maana kazi hiyohiyo nimeifanya kwa mikataba ya miezi sita sita, unaisha unaongezwa, unaisha unaongezwa, mpaka wale wa kudumu wanadhani na wewe ni wa kudumu. Chini kabisa ya tangazo, kwenye yale masharti ya jumla ambayo watu hatusomi: "mwombaji awe na umri usiozidi miaka 35". Siku hiyo mimi nina 35 na miezi kumi na moja na siku zake. Jumatatu nikaingia, mfumo ukanipokea vizuri tu, nikajaza kurasa zote, nikahifadhi kwa sababu mdhamini mmoja alikuwa hajanitumia barua yake. Alhamisi asubuhi simu ikalia, meseji, ni mfumo huohuo unanitakia heri ya siku ya kuzaliwa. Nikasema loo, hawa watu wamestaarabika. Mchana narudi kuambatanisha barua ya mdhamini, kitufe cha kutuma kimekuwa kijivu, ukigusa hakigusiki, na juu pameandikwa maneno mawili tu, "Huna sifa".

Huna sifa! Jumatatu nilikuwa nazo, Alhamisi sina, na katikati hapo kitu pekee nilichofanya ni kuzeeka siku tatu.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada wa kwanza mpole kweli, "kaka yangu, mfumo ndio umekataa, sio sisi", kana kwamba mfumo ulijizaa wenyewe. Nikapiga tena nikapata mwingine, kaka safari hii, akasema umri unahesabiwa siku ya mwisho ya tangazo kwa hiyo hata Jumatatu sikutakiwa kuingia, hilo ni kosa la mfumo kunifungulia. Wa tatu, dada mkali kidogo, akaniambia "kutozidi miaka 35 maana yake ukiwa na 35 na siku moja umeshazidi". Watu watatu dawati moja tafsiri tatu. Na mjue yule wa tatu kilugha ana hoja, mzigo wa ndege usiozidi kilo 35 ukiwa na 35 na nusu umezidi hakuna ubishi, ila umri wa mtu hatuuhesabu kwa mzani, mtoto wa miaka mitano na miezi nane kila mtu anasema ana mitano. Sasa neno moja "usiozidi" ndio linaamua maelfu ya watu wanaingia au wanabaki nje, na aliyeandika tangazo hajakaa hata dakika mbili kuandika "awe hajatimiza miaka 36 ifikapo tarehe fulani". Tarehe na namba, basi, imeisha.

Lakini hata hilo sio lililoniuma. Mngeniambia nimechelewa ningekubali, mtu unaweza ukachelewa. Kinachouma ni nani alikuwa ameshika saa. Katika hiyo miaka saba kazi yangu hii imetangazwa mara mbili TU kabla ya hii. Ya kwanza nilikuwa na 30, nikafaulu wa kuandika, nikafaulu wa kuongea, nikaambiwa nafasi zimejaa nimewekwa akiba, akiba ikaisha muda wake hakuna aliyeitwa. Ya pili waliisitisha katikati baada ya usaili. Baada ya hapo ajira zikafungwa, "hadi itakapotangazwa tena", na ikakaa hivyohivyo miaka mitatu na kitu, bajeti, uhakiki, sijui muundo mpya. Sawa, serikali ina sababu zake. Ila wakati wao wamefunga duka mimi umri wangu haukufungwa, ulikuwa unasoma kama mita ya umeme wakati nyumba haina umeme. Halafu siku wanafungua mlango wananiambia wewe umezidi. Nimezidi nikiwa nawasubiri nyie!

Na msiniambie haiwezekani kurekebisha, maana wengine wamefanya. India mwaka 2022 walipoanzisha ule mpango wao wa kuandikisha askari kwa miaka minne, Agnipath, umri wa juu ulikuwa 21, vijana wakaingia barabarani, wakasema miaka miwili ya korona hamkuandikisha mtu na sisi tumekua, na serikali ndani ya siku chache ikapandisha hadi 23 kwa mwaka ule mmoja, na sababu waliyotoa ni hiyohiyo kwamba miaka miwili iliyopita uandikishaji haukufanyika. Kumbe sio sayansi ya roketi, ni kuhesabu miaka mliyofunga na kuirudisha. Japani ndio mfano unaonigusa zaidi, kule kuna kizazi kizima kilimaliza shule miaka ya tisini uchumi umeanguka, ajira hakuna, wakaishia kwenye vibarua, wanawaita kizazi cha zama za barafu. Mwaka 2019 mji mmoja, Takarazuka, ukatangaza nafasi 3 za kudumu kwa ajili yao tu, watu wa miaka 36 hadi 45, wakaomba zaidi ya watu 1,600. Nafasi tatu! Nilivyosoma hiyo habari nilikaa kimya kidogo. Hao wote walikuwa na kosa gani zaidi ya kuzaliwa mwaka usiofaa?

Sasa hii namba 35 inatoka wapi? Ukiuliza unaambiwa "ni utaratibu". Mara nyingi chini yake kuna hesabu ya pensheni na ngazi ya vyeo, kwamba mtu aingie akiwa bado ana miaka ya kutosha ya kuchangia na kupanda daraja kabla ya kustaafu, na hela ya kumfundisha irudi. Hesabu yenyewe sio ya kijinga. Marekani polisi na wapelelezi wengi wa serikali kuu lazima waingie kabla ya kutimiza 37, na ukiuliza kwa nini 37 jibu lipo, wanastaafu kwa lazima wakiwa na 57 na pensheni yao maalumu inataka miaka 20 ya utumishi, toa 20 kwenye 57 unapata 37. Wanaoongoza ndege kutoka mnarani, sio marubani, ndio kabisa, kuingia kabla ya 31, kutoka ukiwa na 56. Unaweza usipende lakini angalau unaonyeshwa hesabu. Sasa mhasibu wa daraja la kuanzia ambaye kazi yake ni kukaa na kompyuta na makabrasha, anastaafu akiwa na 60, akiingia na 36 ana miaka 24 mbele yake. Ishirini na nne. Hesabu gani hapo imegoma? Tangazo halisemi, mfumo hausemi, na dada mpole hasemi.

Kuna kesi tatu za Ulaya watu wa rasilimali watu wangetakiwa wazisome kabla hawajaandika tangazo. Zote zilifika mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya na zote zinahusu kazi za nguvu, sio za kukaa. 2010, zimamoto Ujerumani, umri wa juu 30, mahakama ikasema sawa, maana kuzima moto na kuokoa watu kunataka mwili na ushahidi uliletwa kwamba uwezo huo unashuka na umri. 2014, mji wa Oviedo Hispania, polisi wa manispaa, umri wa juu 30, mahakama ikakataa, ikasema kama unataka mtu mwenye nguvu basi mpime nguvu, mtihani wa mwili si upo. 2016, polisi wa jimbo la Basque, Hispania hiyohiyo, umri wa juu 35, ikakubali, kwa sababu wao walileta takwimu za kikosi chao kinavyozeeka na kazi yenyewe ni ya mtaani sio ya makaratasi. Nchi moja, kazi zinaitwa polisi zote mbili, majibu tofauti. Hawakuuliza namba ni kubwa au ndogo, waliuliza mwajiri amekuja na sababu ya KAZI HII au amekuja na mazoea. Mimi kwenye uhasibu nipimeni, leteni mtihani, nikifeli nirudishwe na alama zangu nikiziona, sio kitufe cha kijivu.

Kwenye makaratasi ya sheria sasa ndio utacheka. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ubaguzi kazini, namba 111 wa mwaka 1958, umetaja rangi, jinsia, dini, siasa na mengine, jumla saba, umri haumo. Umri ulikuja kusemwa baadaye kwenye pendekezo la 1980 kuhusu wafanyakazi wenye umri mkubwa, na pendekezo ni pendekezo. Nchi nyingi baadaye zikaandika zenyewe. Kenya katiba ya 2010 ibara ya 27 inaitaja dola kwa jina kwamba isimbague mtu kwa umri. Tanzania sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 nayo umri imo, na hapohapo matangazo ya utumishi wa umma kwa miaka mingi yamekuwa yakiandika umri usiozidi 45. Marekani sheria yao ya 1967 inakulinda ukianza 40 tu, ya kwamba kijana wa 25 akikataliwa kwa utoto wake huyo sheria hiyo haimjui. Ufilipino 2016 ndio wakasema hata kuandika umri kwenye tangazo marufuku. Korea Kusini ukomo wa juu kwenye mitihani ya kawaida ya kuingia serikalini waliufuta 2009, hadi leo sijasikia ofisi zao zimeanguka. China nako ambako 35 ilikuwa kama ukuta, kwa mtihani wa kuingia mwaka 2026 wamesogeza hadi 38, na 43 kwa waliomaliza uzamili na uzamivu karibuni. Kwa hiyo namba zinasogea, watu wakizisukuma.

Najua kuna wa kuniambia wewe mzee unataka kuwazibia vijana. Kwanza 36 sio mzee, pili naelewa, vijana ni wengi nafasi ni chache na mdogo wangu mwenyewe yumo kwenye foleni hiyohiyo. Lakini angalieni mtego. Tangazo moja linataka umri usiozidi 35 na hapohapo uzoefu wa miaka mitano mahali panapotambulika, na cheti cha bodi ya wahasibu ambacho peke yake ni miaka mitatu. Yule kijana wa 25 mnayesema mnamlinda hapo naye hapiti! Ukiweka sakafu juu na dari chini anayeingia ni yule tu aliyenyooka, shule hajakosa mwaka, ada haijasumbua, ugonjwa hajaugua, mtoto hajalea. Hili la mtoto Waingereza walishalibishania zamani sana, utumishi wao wa umma ulikuwa unataka maofisa wa ngazi fulani wawe kati ya miaka 17 na nusu na 28, mwanamke mmoja akalalamika kwamba miaka hiyo ndiyo wanawake wengi wako nyumbani na watoto wadogo, na mwaka 1977 mahakama ya rufaa ya kazi ikaipokea hoja yake kwamba sharti linaloonekana ni la umri kwa vitendo linawagonga wanawake zaidi. Miaka karibu hamsini iliyopita! Dada yangu mkubwa alikaa nyumbani miaka sita na watoto watatu, alivyorudi kwenye mfumo aliandika tarehe yake ya kuzaliwa akafunga kompyuta mwenyewe kabla haijamfunga. Na mwenye ulemavu aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 11 kwa sababu shule ilikuwa haina pa kumpokea, huyo mfumo unamhesabia sawasawa na mimi. India angalau wao kwenye kazi za serikali wana nyongeza, walemavu miaka 10, makundi yaliyobaguliwa kihistoria 3 au 5. Hapa hakuna hata kisanduku cha kujieleza.

Halafu mkibana sana hivi mnazalisha vijeba. Kwenye mpira tumewazoea, mchezaji ana 17 kwa cheti na mtoto wake anasoma sekondari. Sasa wamehamia maofisini, watu wana umri anaoujua mama aliyewazaa na umri wa karatasi, na aliyejipunguzia miaka minne ndio kaingia, aliyesema ukweli kabaki nje anaandika rivyuu. Siwatetei, ni jinai na siku ya uhakiki unaondoka na mafao hupati, ila mfumo unaompa zawadi mwongo kila mwaka usijifanye unashangaa.

Nisisahau vipengele vingine. Hali ya ndoa ni lazima ujaze, ukiacha haiendelei mbele. Kwa ajili ya nini? Bima na warithi si nitajaza nikiajiriwa. Picha nayo lazima, kabla hata ya mtu kusoma vyeti ameshaona sura. Kuna mahali pa kabila pia, na hapo sina haraka ya kulaumu kwa sababu inategemea inatumika vipi, Kenya kwa mfano sheria yao ya 2008 ya uwiano wa kitaifa inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wa jamii moja, sasa usipouliza utajuaje. Lakini basi iandikwe pale, "tunauliza kwa sababu hii na jopo la usaili halitaona". Hapa kimya, unajaza huku unajiuliza.

Kiufundi pia, wekeni umri juu ya tangazo sio ukurasa wa mwisho. Wekeni mfumo uniambie siku naanza kujaza kwamba siku ya kufunga nitakuwa nimevuka, sio uniache nimalize kurasa tisa. "Huna sifa" badilisheni, andikeni sifa gani, na nikate rufaa wapi na ndani ya siku ngapi, maana sehemu ya rufaa ipo ila inafunguka kwa walioomba tu, na mimi nimezuiwa kuomba, sasa nikate rufaa ya nini? Na ile miaka ajira zilipofungwa nirudishieni. Mkifanya hilo la mwisho peke yake narudi hapa naongeza nyota mbili kwa mpigo.

Akaunti yangu sijaifuta, wiki iliyopita imenitumia imeili "kuna nafasi mpya inayolingana na wasifu wako", nikafungua, umri usiozidi 30. Asante.

Sasa hivi nimeingia kwa akaunti ya mdogo wangu, ana 27, namjazia yeye, na nimeshamwambia barua za wadhamini aziombe leo leo. Ila picha yake imegoma tangu asubuhi, inasema saizi kubwa, nimeipunguza mara tatu bado inakataa. Mwenye kujua inataka kilobaiti ngapi aniambie, tangazo linafungwa Ijumaa.